Tunamkabidhi Mungu Shida, Mizani Tunabaki Nayo

Jumapili yoyote hapa Moshi, iwe usharika wa Kilutheri wenye kwaya tatu au kanisa la kilokole lililojengwa kwa turubai na mabati kule Pasua, kuna dakika mhubiri anasema mwenye kutaka kumkabidhi Yesu maisha yake yote anyooshe mkono, na mikono inanyooka, mingine ni ya watu walewale walionyoosha mwaka jana, na mimi sina tatizo na hiyo mikono hata kidogo maana najua wengi wanamaanisha. Swali langu ni la baada ya hapo. Sikiliza maombi yanayofuata, sikiliza vile vikaratasi vikisomwa: mgonjwa kalazwa KCMC, kesi ya kijana, ada ya muhula, binti hajapata mchumba, biashara imelala, mkopo umefika tarehe. Ni mambo ya kweli na yanauma. Ila ukiyaangalia vizuri yote yanafanana kitu kimoja, ni zile sehemu za maisha ambazo tumeshashindwa, tumepiga simu kila mahali, tumekopa vikoba viwili, hakuna tena pa kugonga, ndo tunasema Baba nakukabidhi.

Yaani tunamkabidhi Mungu kile ambacho kimeshatutoka mkononi. Kile ambacho bado kiko mkononi tunakishika wenyewe na wala hatuoni kama kuna shida.

Sisemi kupeleka shida kwa Mungu ni kosa. Zaburi zimejaa vilio, na Petro kaandika tumtwike Yeye fadhaa zetu zote. Mgonjwa aombewe, mwenye kesi aombewe. Ninachosema ni kwamba hiyo peke yake bado ni kuomba msaada, na msaada hata mtu asiye na imani anauomba akibanwa. Maisha yote maana yake ni pamoja na zile sehemu ambazo wewe ndo bosi, ambapo neno lako ndo la mwisho: bei unayopanga, mshahara unaolipa, mgao wa shamba, sauti yako kwenye kikao cha ukoo, ulimi wako mbele ya mtu aliye chini yako. Mtu anajulikana kama amejisalimisha kwa Mungu kwa namna anavyotumia nguvu alizonazo, na kwa maoni yangu mahubiri mengi ya huku kwetu kaskazini yanapita pembeni ya hapo.

Angalia Yesu mwenyewe pale Gethsemane. Tumezoea ile sala yake, "si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe", tunaisoma kama sala ya mtu aliyebanwa kwenye kona. Sasa endelea mistari michache tu mbele kwenye hiyohiyo Mathayo 26, pale mwanafunzi mmoja anachomoa upanga na kumkata sikio mtumwa wa kuhani mkuu, Yesu anamwambia arudishe upanga, kwani anadhani hawezi kumsihi Baba akamletea sasa hivi zaidi ya majeshi kumi na mawili ya malaika? Kwa hiyo mlango wa kutokea ulikuwepo na yeye aliujua. Alijisalimisha akiwa na uwezo wa kukataa. Paulo anaimba jambo hilohilo kwenye Wafilipi 2, kwamba aliyekuwa na namna ya Mungu hakuona kule kuwa sawa na Mungu ni kitu cha kushikamana nacho. Mkristo anayesema anamfuata huyo Yesu halafu anatoa tu vile ambavyo tayari vimemshinda, sijui anafuata nyayo zipi.

Ndo maana mimi napenda sana habari ya Zakayo kuliko shuhuda nyingi ninazozisikia. Mtu yule alikuwa mkubwa wa watoza ushuru Yeriko, tajiri, na Yesu alipoingia kwake hatusomi kwamba alilia, hatusomi kwamba alianguka chini, hatusomi hata sala ya toba. Tunasoma mtu amesimama anataja hesabu: nusu ya mali nawapa maskini, na kama nimemnyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne. Ni baada ya hapo Yesu anasema leo wokovu umefika nyumbani humu. Zakayo alijua mwenyewe nguvu yake iko wapi, iko kwenye meza ya ushuru, akaanzia hapohapo.

Tuje sokoni basi, maana meza ya ushuru ya watu wengi huku ni soko. Chukua sado, lile kopo la rangi la lita nne ambalo ndo kipimo cha maharage, mahindi, viazi, nyanya. Nenda soko lolote, iwe Mbuyuni, Kiboriloni, au Kilombero kule Arusha, ushike masado kadhaa uyageuze uangalie kitako. Mengi yako sawa. Ila utakutana na lile ambalo kitako kimegongwa nyundo kikaingia ndani, kimepanda juu karibu vidole viwili, halafu maharage yanamiminwa hadi yanajaa na juu yanawekewa kilemba kizuri kwa mkono, mteja anaona kile kilemba anafurahi anasema mama umenipimia vizuri, hajui kilichopo juu kimetolewa chini. Na hapo kibandani redio inapiga nyimbo za injili kuanzia asubuhi, na kwenye nguzo kuna kikalenda cha kanisa. Nasema hivi bila kumcheka yeyote, kwa sababu huyo mama anaomba kweli, anafunga kweli, ametoa kweli maisha yake kwa Bwana kwa kadiri alivyoelezwa, ila hakuna mtu kanisani aliyewahi kumwambia kwamba na lile sado ni sehemu ya hayo maisha. Wakati Kumbukumbu la Torati 25 imelitaja wazi, usiwe na mawe mbalimbali ya kupimia mfukoni mwako, kubwa na dogo, wala vipimo viwili nyumbani mwako.

Tena mwenye sado ni mdogo, kuna mkubwa wake. Kule Mang'ola wilayani Karatu, wanakolima vitunguu kwa maji ya mfereji karibu na Ziwa Eyasi, mnunuzi anafika na gunia, linajazwa hadi mdomo, halafu anaongezewa pale juu kipande kingine cha gunia au wavu kinashonwa kwa kamba, kinajazwa tena mpaka gunia linakuwa na kichwa na mabega. Hiyo ndo lumbesa. Sheria ya Vipimo inaikataza, Wakala wa Vipimo wameikemea miaka nenda rudi, gunia la mazao lisizidi kilo 100, ila mkulima hana ghala la kutunzia, vitunguu havisubiri, na anadaiwa pembejeo, kwa hiyo anajaza na bei inabaki ya gunia moja. Mnunuzi anaweza kuwa mzee wa kanisa mjini. Anaweza kuwa ndiye aliyelipia spika mpya za kwaya. Ukimuuliza umempa Mungu maisha yako atakwambia ndiyo na hatakuwa anadanganya, kwake maisha ni moyo na sala na sadaka, na lumbesa ni biashara.

Hapa ndipo ninapotofautiana na watu wanaosema tatizo letu ni unafiki. Mnafiki anajua anachofanya. Wengi wetu hatujui, tumefundishwa dini yenye ukuta katikati, upande huu mambo ya rohoni, upande ule mambo ya kutafuta riziki, na ule ukuta haukujengwa na Biblia. Hizo theses 95, yaani hoja 95, za Martin Luther za mwaka 1517, ambazo kila mwanafunzi wa kipaimara huku amezisikia, ya kwanza kabisa inasema Bwana aliposema tubuni alitaka maisha yote ya waamini yawe toba. Maisha yote, siku zote saba. Na Katekisimu Ndogo ya 1529 tunayokaririshwa inafundisha kwamba Kristo alitukomboa ili tuwe mali yake na tuishi chini yake katika ufalme wake. Mtoto wa miaka kumi na minne anakariri hayo maneno vizuri kabisa, anavaa shati jeupe, anawekewa mikono, kuna pilau na keki, halafu akimaliza shule anaingia dukani kwa baba mdogo anafundishwa namna ya kubonyeza mzani.

Wakatoliki nao wana jambo lao linalofanana na hili. Watu wanawaona masista na mapadre wenye nadhiri za ufukara, useja na utii ndo waliompa Mungu yote, sisi wengine tumempa kidogo tu, tunapeleka sadaka na kusimamia ndoa zetu basi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwenye hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, uliweka wazi kwamba wito wa utakatifu ni wa wabatizwa wote, kila mmoja katika hali yake. Dereva wa Noah wa Marangu kwa udereva wake, karani wa halmashauri kwa mhuri wake. Sijui kwa nini fundisho zito namna hiyo limebaki kwenye makaratasi ya seminari wakati kwenye jumuiya tunaongelea zaidi michango.

Kuna kizazi kimoja Afrika Mashariki kilichoelewa jambo hili kuliko sisi. Ule uamsho ulioanza baada ya Simeoni Nsibambi wa Uganda na daktari Mwingereza Joe Church kukutana Kampala mwaka 1929, ukawaka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930, ukasambaa Uganda, Kenya na Tanganyika. Leo tukisikia walokole tunafikiria spika na kunena kwa lugha, ila wale wa mwanzo alama yao kubwa ilikuwa kutembea nuruni, mtu anasimama mbele ya wenzake anataja alichofanya kwa jina lake, halafu anaenda kurudisha. Walirudisha mifugo, walirudisha vitu vya waajiri, walilipa madeni ya zamani ambayo hata mdai alishayasahau. Walikuwa na kasoro zao, walihukumu watu sana na waligawa makanisa, sitaki kuwapaka rangi. Ila hebu jiulize mara ya mwisho umesikia lini ushuhuda kanisani wa mtu aliyesema nilimpunja fulani nikaenda kumrudishia? Shuhuda za leo karibu zote ni za kupata, nimepata gari, nimepata kiwanja Njiro, nimepata mtoto. Mungu anatoa, ndiyo, tumshukuru. Lakini ushuhuda wa Zakayo umepotea kabisa kwenye madhabahu zetu.

Sasa niguse jambo ambalo najua litawakera ndugu zangu Wachaga wenzangu, jambo la kihamba, lile shamba la ukoo linalorithiwa.

Desemba ikifika mnaijua barabara ya kuja huku, mabasi yamejaa, magari ya Dar yamepakiwa hadi juu, watu wanarudi Rombo, Marangu, Kibosho, Machame, Uru. Krismasi makanisa hayatoshi. Halafu ikishapita, tarehe 27 au 28, ukoo unakaa. Viti vya plastiki vinapangwa chini ya migomba, mbege, ile pombe yetu ya ndizi, ipo, mzee mmoja anaomba sala ya kufungua, ndefu na nzuri, anamkabidhi Mungu kikao chote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kinajadiliwa kihamba cha marehemu. Mkubwa anatajiwa sehemu yake, kitinda mimba wa kiume anabaki na nyumba ya wazazi, wa katikati wanabishana kidogo. Dada zao wako jikoni wanapika ndizi, mmoja wao ndiye aliyekaa na mama miaka yote ya kuumwa, anamuogesha, anampeleka kliniki, wakati kaka zake wakituma hela kwa simu. Hatajwi. Akitajwa ni kwamba yeye ataolewa, au kama ameshaachika, kwamba ataruhusiwa kukaa. Halafu sala ya kufunga.

Mimi nasema kama kuna mahali kaskazini ambapo Mungu hajakabidhiwa kitu ni hapo, pamoja na sala zote mbili. Na watu wakisema ni mila, nakubali ni mila, na mila zetu nyingi nazipenda. Tena sheria ya nchi yenyewe inavutana, Sheria za Ardhi za 1999 zinatambua haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanaume, huku tangazo la sheria za kimila la 1963 bado linamweka binti mwisho wa foleni ya urithi. Lakini mwenye kusema maisha yangu yote ni ya Yesu hawezi kujificha nyuma ya tangazo la 1963. Biblia imeliongelea hili kabla yetu. Hesabu 27, mabinti watano wa Selofehadi wanasimama mbele ya Musa na mkutano wote wanadai sehemu ya baba yao, na Bwana anamwambia Musa hao wananena lililo haki. Utaniambia hao baba yao hakuwa na mtoto wa kiume, sawa, basi fungua Ayubu 42, mtu aliyekuwa na watoto wa kiume saba na mabinti watatu, na baada ya yale mateso yote tunaambiwa aliwapa mabinti urithi pamoja na ndugu zao. Ayubu hakuulizwa na mahakama wala hakushitakiwa. Alikuwa na nguvu ya kugawa akagawa hivyo. Ni mtu aliyeonja kunyang'anywa kila kitu, na nahisi ndo sababu hakuweza tena kushika mali kama zamani.

Wapo wanaofidia kanisani yale wanayobana nyumbani, na hili Yesu alilisema kwa ukali. Marko 7, habari ya korbani. Kulikuwa na watu wanasema mali hii nimeiweka wakfu kwa Mungu, kwa hiyo baba na mama siwezi kuwasaidia nayo, na Yesu akawaambia mnalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yenu. Yaani inawezekana mtu akatumia kumtolea Mungu kama njia ya kumkwepa Mungu. Mimi ni mpenzi mkubwa wa ile minada yetu baada ya ibada, mkungu wa ndizi, kuku, mayai, yai moja linapandishwa mpaka elfu tano na aliyelinunua analitoa tena liuzwe upya, kuna furaha ya kweli pale na makanisa mengi na zahanati zimejengwa kwa njia hiyo. Ila yule aliyenunua yai elfu tano huku dada wa kazi nyumbani kwake anadai mshahara wa miezi mitatu, hilo yai ni korbani. Yakobo 5 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele na kelele zimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Zinafika kabla ya bahasha ya ahadi.

Najua hoja inayokuja. Kaka, wewe unaongea, ingia sokoni uone. Ukiweka sado halisi wakati jirani ana la kugongwa, bei yake inaonekana rahisi, wateja wanahama, unakula mtaji, watoto wanarudishwa ada. Ni hoja ya kweli na siwezi kuipuuza. Mama mwenye kibanda hana uwezo sawa na mnunuzi wa lumbesa mwenye fuso mbili, na mhubiri anayemkemea wa kwanza akamwacha wa pili anakaa meza kuu ni mwoga. Lakini Yesu mwenyewe hakuficha gharama, alisema anayetaka kujenga mnara akae kwanza ahesabu. Nadhani shida yetu ni kwamba tumeuza kumkabidhi Mungu maisha kama mpango wa kupata faida, kwa hiyo ikigeuka hasara mtu anaona kuna mahali amekosea kuomba. Kumbe inawezekana hiyo hasara ndo utii wenyewe. Na hapo ndipo kanisa linapotakiwa kuwa kanisa, wenzake wanunue kwake makusudi, wamchangie mtaji, sio kumwambia tu uwe mwaminifu halafu wanaenda kununua kwa jirani kwa sababu kilemba chake ni kikubwa.

Kuna upande mwingine ambao nisipousema makala haya yanaweza kuwa hatari. Kumkabidhi Mungu maisha yote ni maneno mazito na wapo watu wanayapokea wao badala ya Mungu. Tarehe 1 Februari 2020 hapahapa Moshi, kwenye uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Mwaka 2023 wenzetu wa Kenya walifukua miili zaidi ya 400 kwenye msitu wa Shakahola kule Kilifi, watu walioambiwa wafunge mpaka wafe wakutane na Yesu, na watoto walikuwemo. Wale walijitoa kweli, hakuna anayeweza kusema hawakumaanisha. Walimpa mtu kile ambacho ni cha Mungu tu. Na ukiangalia utaona ni walewale wasio na nguvu, wagonjwa, wenye madeni, akina mama, ndo wanaoambiwa wajisalimishe zaidi na zaidi, wakati yule aliyeshika kipaza sauti hajisalimishi kwa yeyote, hakaguliwi hesabu, haulizwi swali. Kwangu hiyo ndo alama ya kwanza kwamba kinachoendelea hapo sio Injili.

Vivyo hivyo kwa mwanamke anayepigwa nyumbani, anaenda kwa wazee anaambiwa mama mwachie Mungu, mtii mumeo, omba. Waefeso 5:22 inasomwa kwa sauti, mstari wa 21 unarukwa, ule unaosema mnyenyekeane katika kicho cha Kristo. Mwenye nguvu kwenye hiyo nyumba ni mume, basi mwito wa kujisalimisha uanze kwake na ngumi yake, yeye ndo aulizwe maisha yako umempa Mungu au bado. Mke aende polisi dawati la jinsia, na mchungaji amsindikize.

Anayemtii Mungu kweli huwa ni mgumu sana kutumikishwa na watu. Askofu mkuu Janani Luwum wa Uganda alikuwa tunda la uleule uamsho, aliokoka 1948, na Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walipomwandikia Idi Amin kulalamikia mauaji ya raia, aliuawa ndani ya siku chache. Angeweza kunyamaza. Alikuwa na cheo, na hata njia ya kukimbia wengine waliipata. Mtu wa namna hiyo humwiti mnyonge aliyekubali yaishe, alikuwa ameshatoa kila kitu kwa Mungu kwa hiyo Amin hakuwa na cha kumtishia nacho.

Nirudi kwa wachungaji, wainjilisti, mapadre na makatekista wetu, kwa heshima zote, maana wao ndo wanaopanga nini kisemwe madhabahuni. Sikukuu ya mavuno inakuja kila mwaka. Kabla ya mnada someni Kumbukumbu la Torati 25, halafu waalikeni watu wa vipimo waje na mawe yao ya kupimia pale uani, kila mwenye sado na mzani alete bila kuandikwa jina, lililogongwa linyooshwe au litupwe, kanisa limnunulie jipya asiyeweza. Desemba mchungaji anayealikwa kufungua kikao cha ukoo aulize kwa upole kabla hajaomba, mabinti wa marehemu wako wapi, waje wakae hapa. Akiambiwa hayo hayamhusu, afunge Biblia yake na aeleze kwa nini hawezi kuendelea. Atakosa mwaliko mwakani, na pengine bahasha. Wazee wa usharika watamwita. Ila wale mabinti watakuwa wamesikia mtu wa Mungu akisema hadharani kwamba na kihamba ni cha Bwana.